Mfarishi wa Vidole Viwili

Ferista aliolewa Hasamba miaka michache baada ya Uhuru, msimu ambao kahawa ya Mbozi ilipata bei nzuri. Wanaume wengi wa rika la mumewe walinunua baiskeli msimu ule. Zebedayo akanunua cherehani. Ilikuwa ya mkono, nyeusi, ikikaa ndani ya kisanduku cha mbao, na aliibeba kichwani kutoka barabara kuu mpaka nyumbani huku watu wakimcheka njia nzima.

"Baiskeli ingekupeleka gulioni," walimwambia. "Hiyo itakupeleka wapi?"

"Mke wangu alifundishwa kushona misheni," akajibu. "Sitaki ujuzi wake uishie kwenye viraka vya suruali zangu."

Zebedayo alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache. Ferista alikuwa mfupi, mwenye mikono iliyoonekana kama imeazimwa kwa mtu mkubwa zaidi. Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, Lusubilo, na hata baada ya binti huyo kuolewa mbali huko Ileje, watu waliendelea kumwita Ferista Mama Lusubilo.

Miaka ile ya mwanzo alishona magauni ya sikukuu, kaptula za shule na vitambaa vya kanisani. Bei haikumsumbua. Gauni lilikuwa na bei yake, kaptula na yake, na kila mtu aliijua kabla hajafika mlangoni.

Mwaka wa sabini na nne Operesheni Vijiji ikafika Hasamba. Waliambiwa wahamie kijiji kipya upande wa Igamba, lori litakuja kuwabebea vyombo. Lori lilikuja mara moja, likabeba vya waliokuwa karibu na barabara, halikurudi tena. Mgambo walipofika kwa Zebedayo walimkuta bado anachuma kahawa. Wakapanda juu ya paa wakaanza kung'oa nyasi, mmoja wao akiomba radhi huku anang'oa. Zebedayo akajitwika mahindi, Ferista akajitwika cherehani. Kahawa iliyobaki iliiva ikaanguka chini ya mibuni yake, hakuna aliyerudi kuiokota.

Kijiji kipya kilikuwa bado ni pori lenye vigingi vilivyopigwa kwa mstari, kila kaya na kigingi chake. Watu walijenga vibanda vya nyasi wakalala humo, na kipupwe kikaja. Wageni husikia kwamba Tanzania ni nchi ya joto, kisha wanafika Mbozi mwezi wa saba na kukuta umande umeganda mweupe kwenye majani. Zebedayo alianza kukohoa kipupwe hicho cha kwanza, na kikohozi hakikumwacha tena.

Hapo ndipo Ferista alipoanza kushona mifarishi. Hakuna aliyekuwa na hela ya blanketi, lakini kila mtu alikuwa na kitu kilichochakaa: kanga, mfuko wa unga wa kitambaa, koti la marehemu. Alitandika kitambaa cha chini, akatawanya juu yake sufi iliyopandishwa kutoka bondeni kwenye joto, Galula, au matambara yaliyochambuliwa kwa mkono, akafunika kwa kitambaa cha pili. Kisha akapitisha cherehani mstari baada ya mstari, kutoka ukingo hadi ukingo, ili kilichomo ndani kisihame. Mistari ikikaribiana kwa upana wa vidole viwili, mfarishi ulishika joto na kudumu miaka. Ikiachana kwa upana wa kiganja, sufi ilikimbilia pembeni baada ya wiki chache, na aliyejifunika akabaki na vitambaa viwili vitupu kifuani.

Mwaka ule hakutoza kitu. Wote walikuwa wamefukuzwa pamoja, nani angemtoza nani?

Lakini msimu uliofuata uzi wake ulikwisha, na duka la ushirika la kijiji halikuwa na uzi. Ikabidi bei ipatikane, na haikupatikana kirahisi. Kwanza alitoza kwa ukubwa wa kitanda. Akaja mtu na mfarishi wa kitanda kidogo, wote vipande vya turubai, ukamvunjia sindano. Akaanza kutoza kwa uzito wa kitambaa. Watu wakaleta vitambaa vyepesi vilivyo vipana kama uwanja, vikanywa uzi wote. Jioni moja, moto ukiwaka, alimweleza Zebedayo.

"Toza kwa mistari," Zebedayo akasema. "Mstari ndio unaokula uzi."

"Na sindano?"

"Weka sindano kidogo kidogo ndani ya kila mstari."

Ferista akapanga vijiti juu ya majivu, akavihamisha, akavirudisha. Alipomtajia mumewe jumla, Zebedayo alicheka mpaka akakohoa.

"Umehesabu uzi, umehesabu sindano. Na mkono wako unaozungusha gurudumu kutwa nzima uko wapi?"

Akaongeza shilingi kidogo kwa ajili ya mkono. Kesho yake mteja wa kwanza aliposhtuka kuisikia bei hiyo, akaiondoa ile ya mkono.

Uzi aliufuata Tunduma. Ukishuka kwenye basi pale, unaiona Zambia mbele yako, na miaka ile wafanyabiashara wa kila kabila walikuwa wamekwisha kuzoea kuulizana bei kwa Kibemba: "Ni shinga?" Ferista naye akajifunza neno hilo. Aliyemuuzia uzi alikuwa mwanamke Mwislamu kutoka Korogwe, Bi Stumai, mke wa dereva wa lori aliyeitwa Yahaya. Stumai alikuwa mdogo kwa Ferista kwa miaka mingi, mcheshi, mwenye sauti ya kubembeleza hata anapokataa kupunguza bei. Alivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kikapu cha vitumbua, akarudi na nyuzi chini ya kitambaa cha kikapu.

"Mimi sitaki kukupandishia, Mama Lusubilo," alikuwa akisema kila bei ilipopanda. "Kule nako umeadimika. Nikikuuzia ya jana, kesho sina mtaji wa kuvukia."

"Basi na mimi nitawapandishia watu wangu."

"Wapandishie. Waambie ni Stumai, wanilaani mimi."

Ferista hakumtaja Stumai hata kwa jirani. Alirudi kijijini, akapandisha bei, akalaaniwa yeye.

Mwaka mmoja Zebedayo alianza kutema damu. Ferista alikwenda Tunduma bila hela, si kununua uzi, bali kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kwenda. Stumai alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akamwita mumewe. Lori la Yahaya lilikuwa linakwenda Mbeya asubuhi ile. Likakata kona hadi Igamba, Zebedayo akalazwa nyuma ya kiti cha dereva, likamfikisha hospitali. Zebedayo alikaa huko mpaka mahindi yakavunwa. Yahaya hakutaka nauli. Na Ferista alipokwenda kushukuru, Stumai alimwekea nyuzi kwenye kikapu akamwambia atalipa akishashona.

Ikafika miaka ya shida yenyewe. Sabuni haikuonekana, kitambaa hakikuonekana, watu walizikwa kwa shuka za kuomba. Kamati ya kijiji ikaamua kupanga bei ya kila kazi ili mtu asimnyonye mwenzake: kusuka nywele, kushona viatu, kusaga, kushona mfarishi. Katibu wa kijiji, Sadoki, ndiye aliyezisoma mkutanoni. Sadoki alikuwa mtu mnyoofu, hakuwahi kuchukua hata hindi la kijiji.

"Kushona mfarishi mmoja," akasoma, "shilingi ishirini. Uwe mkubwa, uwe mdogo."

Ferista akasimama. "Ndugu katibu, uzi wa mfarishi mmoja tu unazidi hapo."

"Uzi dukani ni shilingi tatu."

"Dukani haupo."

"Bei yake ni shilingi tatu," Sadoki akarudia. "Kuwepo ni jambo lingine."

Watu walicheka. Sadoki hakucheka, na Ferista akakaa.

Tangu siku hiyo alikuwa na bei mbili. Aliyekuja mlango wa mbele alishonewa kwa ishirini ya kamati, mistari ya kiganja kwa kiganja, kwa sababu ishirini haikununua uzi zaidi ya huo. Aliyekuja mlango wa jikoni akataka vidole viwili alitajiwa themanini. Hakumficha mtu. Alimwambia kila mmoja huu utadumu, huu hautadumu, chagua. Mibuni mipya ilikuwa imeanza kuzaa, na waliopata hela ya kahawa walipita jikoni. Mke wa Sadoki alipita jikoni pia, na Sadoki alilala chini ya mfarishi wa vidole viwili bila kuuliza uligharimu kiasi gani.

Mwaka wa themanini na tatu redio ikaanza kutangaza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Watu walizika madumu ya mafuta mashambani, wengine walitupa katoni za sabuni mtoni mpaka maji yakatoa povu. Ferista aliacha kwenda Tunduma. Alibakiwa na nyuzi chache kwenye kopo la maziwa, na alizipangia kazi: mfarishi wa mjane mmoja aliyekwisha kulipa, na wa mwalimu aliyekwisha kulipa nusu. Hela ya mwalimu ilikuwa imekwisha kugeuka dawa ya Zebedayo.

Mwezi wa tano akaja Ketrina. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwao. Mumewe alikuwa amevuka kwenda kutafuta kazi migodini Zambia na hakuwa ametuma neno, na Ketrina alikuwa na mtoto mchanga wa kiume mgongoni.

"Nishonee ule wa ishirini, Mama Lusubilo."

"Ule hautashika, binti yangu. Sufi itakimbia."

"Basi nishonee wa vidole viwili, nitakulipa mahindi yakikauka."

Ferista alitazama kopo. Alikuwa ameshonea watu bure mara nyingi kuliko alivyomwambia hata Zebedayo. Siku hiyo mumewe alikuwa anakohoa chumbani, na dawa ilikuwa imebaki kidogo.

"Uzi nilionao una wenyewe," akasema.

Ketrina akafungua pindo la kanga, akatoa ishirini. Mfarishi ulishonwa mistari ya kiganja kwa kiganja. Ferista alijaribu kuikaza mishono ya pembeni kwa mkono, kwa uzi aliochomoa kwenye gunia.

Mwezi wa saba mtoto wa Ketrina alishikwa na kichomi. Alifika zahanati asubuhi, jioni wakamrudisha nyumbani akiwa amefungwa kwenye kanga ya mama yake. Msibani, Ferista alipoingia, Ketrina alikuwa amekaa chini na ule mfarishi mapajani. Alikuwa anaubinya katikati, pale palipobaki vitambaa viwili, halafu anabinya pembeni palipojaa sufi. Akainua macho.

"Wenye hela uliwashonea karibu karibu," akasema, si kwa sauti kubwa. "Mimi ulinishonea mbali mbali."

Hakuna mwanamke aliyemkataza. Ferista alikaa muda ule unaotosha heshima, kisha akaondoka.

"Ilikuwa kichomi," Zebedayo alimwambia nyumbani. "Hata kama angefunikwa mablanketi."

"Najua."

"Kama unajua, kula."

Hakula.

Ketrina aliyarudia maneno yake kisimani, akayarudia kanisani, akayarudia mbele ya mjumbe. Sijui kama alitaka yafike mbali. Yalifika. Siku moja gari la wilaya likasimama ofisini kwa kijiji, akateremka ofisa mmoja na askari wawili, wakamchukua Sadoki awaonyeshe nyumba. Walikuta cherehani mezani na kopo la maziwa chini ya kitanda. Ndani ya kopo mlikuwa na nyuzi mbili zenye karatasi za kiwanda cha ng'ambo.

Walimhoji palepale ofisini, madirisha wazi, kijiji kizima kimejaa nje. Ofisa hakuwa mkali. Alikuwa kijana mwenye uchovu, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama, unatoza shilingi themanini kwa kazi ya ishirini. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Uzi huu umeutoa wapi?"

"Nilinunua kwa mpita njia."

"Jina lake?"

"Hakuniambia."

Ofisa akavuta kiti karibu. "Nisikilize. Mimi nataka walanguzi wakubwa, sitaki mama mshonaji. Ukinitajia aliyekuuzia, na bei aliyokuuzia, basi bei yako itajieleza yenyewe. Utakuwa umenyonywa tu kama wengine. Utarudi nyumbani sasa hivi."

Ferista alimfikiria Stumai. Mara ya mwisho walipoonana Stumai alikuwa na mimba changa, ya kwanza baada ya miaka mingi ya kuhangaika, na alimshika Ferista mkono akauweka tumboni kwake ingawa hapakuwa bado na cha kusikia. Akamfikiria Zebedayo nyuma ya kiti cha lori.

"Niliuziwa bei ndogo," akasema.

"Bei ndogo?" Ofisa alimtazama. "Kama uliuziwa bei ndogo, themanini ni ya nini?"

Sadoki alikuwa anatazama mikono yake. Alikuwa akilala chini ya mfarishi wa themanini, mkewe alishamwambia. Mlangoni, Zebedayo, aliyekuwa ameshikilia fremu ili asimame, akafungua mdomo. Ferista alimwona, akatikisa kichwa.

"Ni tamaa yangu," akasema.

Waliokuwa nje walisikia. Neno hilo likapita dirishani, na kwa miaka iliyofuata watu walilishika hilo hilo, kwamba Mama Lusubilo mwenyewe, kwa kinywa chake, alikiri kuwa ni tamaa.

Walimpakia garini pamoja na cherehani yake. Zebedayo alifuata gari kwa miguu mpaka pumzi ikamkatalia.

Mahabusu ya wanawake mjini ilijaa wauza chumvi, wauza kanga, mwanamke mmoja aliyekutwa na sabuni za kufulia nepi za wajukuu. Walilala ubavu kwa ubavu juu ya saruji. Ferista hakuitwa mahakamani. Kila alipouliza, aliambiwa mahakama maalumu ina kesi nyingi, asubiri.

Alikuwa hapo kwa muda wa kutosha kuzoea uji wao, mlango ulipofunguliwa asubuhi moja akasukumwa ndani Stumai. Tumbo lilikuwa kubwa, miguu imevimba, ushungi umechanika. Ferista aliinuka, akanyoosha mikono. Stumai alibaki mlangoni.

"Kumbe uko hapa," akasema.

"Bi Stumai. Kaa hapa, kuna nafasi."

"Wewe ndiye uliyenitaja."

"Sikukutaja."

"Waliniuliza habari za uzi. Kabla hawajaniuliza sabuni, kabla ya mafuta, uzi! Mimi uzi nimemuuzia nani zaidi yako?"

"Stumai, kama ningekutaja nisingekuwa hapa. Waliniambia nikitaja nitakwenda nyumbani."

"Waliniambia na mimi hivyo," Stumai akasema. "Wanamwambia kila mtu hivyo, na wanaotaja wanakaa hapa vilevile."

Hilo lilikuwa kweli. Chumba kizima kilikuwa na wanawake waliotaja.

Walikaa chumba kimoja wiki kadhaa bila kuzungumza. Stumai alimgeuzia mgongo, lakini usiku baridi ilipozidi mgongo huo ulisogea, kwa kuwa hapakuwa na joto lingine. Uchungu ulimshika kabla ya wakati wake. Wanawake walipiga kelele, mlinzi akaenda kutafuta gari, gari likachelewa. Mtoto alizaliwa palepale, wa kike, mdogo kama kiganja cha mtu mzima, na sauti yake ilikuwa kama ya kitu kinachokwaruza. Ferista akavua kitenge chake, akakichana kwa meno, akakunja safu juu ya safu, akamviringisha. Stumai aliruhusu. Alimtazama Ferista usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, akataka kusema kitu, na ndipo gari likafika. Wakamtoa na mtoto wake. Hawakurudishwa chumba kile, na mlinzi alipoulizwa alisema hajui.

Mwaka mpya ulipoanza, waliitwa majina uani. Ferista alikuwa miongoni mwa walioambiwa waende zao. Hakusomewa kosa, hakuombwa radhi. Alivaa gauni alilokuja nalo na kipande cha kitenge kilichobaki, akaomba lifti ya lori la mbolea, akateremka njia panda, akatembea.

Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Majirani waliokuwa wakipita walimsalimu, wakaharakisha. Sadoki ndiye aliyekuja, jioni, akakaa juu ya jiwe la kusagia.

"Mama Lusubilo, pole."

Kwa neno hilo pole alikwisha kujua.

"Lini?"

"Mwezi wa kumi. Kifua. Lusubilo alikuja, akamzika, akarudi kwa mume. Tulituma habari mjini. Tuliambiwa zitakufikia."

"Mlimzika na nini?"

"Shuka haikupatikana. Tulimzika na mfarishi wenu."

"Ule wa vidole viwili."

"Ule." Sadoki alipangusa uso. "Alikuwa anakuja ofisini kila akipata nguvu, anataka niandike kwamba umesema uongo, kwamba themanini ilikuwa bei ya uzi, na anamjua aliyeuuza. Nilimkatalia. Nilimwambia atakuongezea kesi tu. Nilidhani nawasaidia."

"Na cherehani?"

"Iliandikwa kwamba imepokelewa. Nimefuatilia mara mbili. Aliyeipokea amehamishwa, na wa sasa anasema hajaiona."

Sadoki alisubiri alaumiwe. Ferista alimwuliza tu kama kuna mtu aliyepalilia kahawa. Hakukuwa na mtu.

Aliishi kwa jembe. Mwaka wa themanini na tano, alipopata nauli, alikwenda Tunduma kumtafuta Stumai. Pale alipoteremkia basi alikuta watu wametandika maturubai chini na kumwaga bidhaa juu yake: mablanketi, sabuni, viatu, nyuzi za rangi zote kama mahindi kwenye uwanja. Wauzaji walikuwa wanaita wateja kwa sauti, askari wanapita katikati, wengine wananunua. Muuzaji mmoja alimwinulia boksi zima la nyuzi.

"Mama, ni wa Nakonde huu, imara!"

Ferista alipita.

Nyumba ya Stumai ilikuwa na watu wengine. Jirani yake, Mwanaasha, mwanamke mtu mzima aliyekuwa anachambua mchele barazani, alimkaribisha na kumpa kigoda.

"Walirudi kwao Korogwe. Yahaya alipotoka hakuwa na lori tena."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Stumai alijifungua."

Mwanaasha aliacha kuchambua. "Aliondoka na mzigo mgongoni, amejifunga kanga. Sikufunua. Watu waliotoka kule mtu hafunui mizigo yao." Kisha akauliza, "Wewe ni nani wake?"

"Nilikuwa nashona."

Mwanaasha alimtazama mikono. "Wewe ndiye wa Mbozi."

"Ndiye mimi."

"Alisema mtu wa Mbozi ndiye aliyemuuza. Mpaka anapanda basi alikuwa anasema hivyo. Baadaye sisi tulisikia kwamba ni utingo wa mumewe, alitaja kila kitu ili aachiwe. Lakini Stumai alikuwa ameshaondoka." Akaurudia mchele wake. "Anwani hakuacha."

Ferista alimshukuru, akarudi kituoni, akapanda basi la kwanza lililotokea.

Baada ya hapo watu walianza kumletea kazi tena kidogo kidogo. Walioweza walinunua mablanketi ya Tunduma. Wasioweza walileta matambara yao, naye aliyashona kwa mkono, kwa uzi wa mtu mwenyewe, vidole viwili kwa vidole viwili, na mfarishi mmoja ulimchukua mwezi mzima. Akiulizwa bei alijibu, "Toa unachoona." Wengine waliona debe la mahindi, wengine waliona asante, na wapo wachache walioona wachukue tu waende. Hakumfuata mtu.

Ketrina alikuwa ameolewa na mwanamume mwingine na alikuwa na mimba nyingine. Kipupwe kilipokaribia alifika mlango wa mbele akiwa na vitambaa viwili vipya na mfuko wa sufi. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama pale tangu msiba. Walisalimiana kama kawaida ya majirani, habari za nyumbani, habari za shamba.

"Nataka wa vidole viwili," Ketrina akasema. "Hela ninayo safari hii. Ni bei gani?"

"Weka tu hapo. Nitashona."

"Nitajie bei, Mama Lusubilo."

"Sina bei mimi siku hizi. Wa mtoto huyo nitakushonea tu."

Ketrina alikuwa ameshika pindo la kanga lililofungwa fundo. Alisubiri, kama mtu anayemngoja mwenzake abadilishe neno. Ferista alinyoosha mkono kupokea vitambaa.

"Bure sitaki," Ketrina akasema polepole. "Kwako, bure siwezi."

Alikunja vitambaa vyake, akavirudisha kifuani, akaaga, akateremka njia ya kwao. Ferista alimtazama mpaka alipopotelea kwenye mahindi, kisha akaingia ndani kutafuta kitenge cha kujitanda, kwani jua lilikuwa limeshaanza kupoteza joto.